Karatasi Zikishaungua

Umeme ulikatika Mustafa akiwa mlangoni mwa hema la baba yake.

Nilikuwa kidato cha pili. Sebule ya jirani yetu pale Makanyagio ilikuwa imejaa watu: akina mama kwenye makochi, sisi watoto chini juu ya mkeka, na vijana watatu wamesimama nje dirishani kwa sababu mwenye nyumba hakuwapenda. Wote tulikuwa tumefuata Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ambayo Azam waliionyesha ikiwa na sauti za Kiswahili. Baba alikuwa amemwita mwanawe, na ndani ya hema watu wenye kamba walikuwa wanamngoja. Halafu giza. Mpanda ya miaka ile iliishi kwa majenereta, na jenereta ni kama mjomba mlevi, huwezi kumpangia saa ya kulala.

Tukakaa tunasubiri. Dakika tano, kumi. Mama mmoja akasema, "Hamwui. Mtoto wake wa kumzaa!" Mwingine akadakia kwamba atamwua, tena bila kupepesa macho. Ubishi ukapamba moto. Kila mtu akawa mtunzi. Mmoja alimpa Mustafa farasi akatoroka naye usiku, mwingine alileta barua ya kumwokoa, bibi mmoja alitaka mama mtu aingie hemani amlaani mume wake palepale mbele ya askari. Kwa nusu saa nzima, gizani, Mustafa aliokolewa mara nne.

Mimi nilinyamaza. Mwalimu wetu wa historia alikuwa ameshatuambia kwamba Sultani Suleimani alimwua kweli mwanawe Mustafa, mwaka 1553. Waandishi wa Uturuki wangeweza kurefusha wapendavyo, wangeweza kutuletea machozi ya vipindi ishirini, lakini mtu yule alikuwa amekwisha kufa karne nne na nusu kabla hawajashika kalamu. Umeme uliporudi, kipindi kilikuwa kimekwisha na palikuwa na tangazo la biashara.

Tangu usiku ule nina swali ambalo halijaniacha. Je, mwandishi ana haki ya kumwokoa mtu wake? Na akimwokoa, ni nani anayelipa?

Utasema hilo si swali la mtu aliyeishia kidato cha nne. Sawa. Lakini sisi vijana tunaoandika hapa mjini tunalibishania karibu kila Jumapili, chini ya mwembe usio mbali na stesheni, ingawa tunaliita kwa majina mengine. Kuna wenzetu wanaosema televisheni imeua sanaa, kwamba mwandishi wa kweli ni wa jukwaani, na kwamba tamthilia hizi za vingamuzi ni takataka za kuwapumbaza mama zetu. Kuna wengine wanaosema jukwaa lilikufa na ujamaa, na kwamba mwandishi asiyeweza kuandika kwa ajili ya runinga aende akalime tumbaku. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba wa kwanza hawajawahi kuandika hata sehemu moja ya mchezo wa mfululizo, na wa pili hawajasoma tamthiliya hata moja tangu mtihani wa taifa.

Lugha yenyewe inatuchanganya. Shuleni tuliandika "tamthiliya", tukimaanisha kitabu cha mchezo wa jukwaani. Mtaani neno ni "tamthilia", na ukimwambia mtu unasoma tamthiliya atakuuliza inaonyeshwa saa ngapi. Tofauti ni herufi moja tu, lakini mtu anaweza kuishi maisha yake yote upande mmoja wa herufi hiyo asijue kuna upande wa pili.

Upande wa pili mimi niliujua kwa Ngoswe. Tulikuwa na kitabu kimoja watu wanane, kwa hiyo tulikisoma kwa zamu, kwa sauti, kila mtu akipewa mhusika wake. Unaikumbuka hadithi. Edwin Semzaba anamleta kijijini karani wa sensa, kijana wa mjini, amebeba kazi ya serikali. Badala ya kuhesabu watu anaanza kumhesabia Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, uzuri wake. Wanapanga kutoroka, mzee anajua, na kwa hasira karatasi za sensa zinachomwa moto. Kazi yote majivu.

Nilipofika hapo, nilifunua ukurasa uliofuata nikitafuta nakala. Nasema kweli. Nilizoea sebule ya jirani, na kule Makanyagio kitu kikiungua huwa kipo kingine kabatini. Nilingoja mtu atokee aseme karatasi zilizoungua zilikuwa vivuli tu, halisi ziko kwa mtendaji. Hakutokea mtu. Karatasi zilikuwa zimeungua, na zilikuwa hizohizo. Nilikasirika na Semzaba kwa siku mbili, halafu nikaanza kumheshimu kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumheshimu mtu aliyeandika kitu.

Jamani, msinielewe vibaya, kuandika mfululizo si kazi rahisi. Lazima kila sehemu imkumbushe aliyekosa ya jana, bila kumchosha aliyeiona. Lazima ukatie patamu, maana ukikatia pabaya kesho hawarudi. Na mali yako kubwa ni siri. Katika tamthilia ya runinga siri ni kama ng'ombe wa maziwa, unakamua kila siku na hupendi afe. Ndiyo maana mtu anayejua ukweli kila akitaka kusema, simu inaita, au mlango unagongwa, au anazimia. Fikiria Mfalme Edipode wa Sofokle, ambaye S. S. Mushi alimleta kwa Kiswahili mwaka 1971. Mfalme anatafuta muuaji, na siku hiyohiyo analetwa mchungaji mzee ambaye anajua kila kitu, anabanwa mpaka anasema. Angekuwa wa televisheni, mchungaji yule angepata ajali njiani, akalazwa, akapoteza kumbukumbu, na tungeendelea hadi Ramadhani ijayo.

Sababu si ujinga wa waandishi. Sababu iko kwenye fedha, na ina historia. Michezo hii ilianzia redioni huko Marekani. Mwaka 1930 mwanamke mmoja aitwaye Irna Phillips aliandika Painted Dreams kwa redio WGN ya Chicago, hadithi ya mfululizo kwa ajili ya akina mama waliokuwa nyumbani mchana. Wenye viwanda vya sabuni wakaona hapo ndipo wanunuzi wao walipo, wakaanza kudhamini michezo ya namna ile, na Wamarekani mpaka leo wanaiita michezo ya sabuni. Mchezo mwingine wa mama huyohuyo, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia kwenye televisheni mwaka 1952, ukaja kufa mwaka 2009. Miaka sabini na miwili! Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa, kustaafu na kuzikwa, mchezo bado haujaisha. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo wakubwa zetu waliifuata ITV kama ibada, ilianza 1998 na kufungwa 2020. Hadithi ikiisha, sabuni inauzwa na nani? Kwa hiyo haiishi. Na hadithi isiyoisha haiwezi kumruhusu mtu alipe deni lake lote, maana akishalilipa atakuwa hana kazi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Dallas. Mwaka 1985 Bobby Ewing aligongwa na gari akafa, watu wakalia, familia ikamzika, maisha yakaendelea kwa msimu mzima. Watazamaji wakapungua. Mwaka 1986 mke wake wa zamani akaamka asubuhi akamkuta bafuni anaoga. Kumbe msimu wote ule ulikuwa ndoto! Msiba, machozi, watu waliobadilika kwa sababu ya msiba ule, vyote havikuwahi kutokea.

Mbali na hiyo weka Juliasi Kaizari, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Niliipata kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu aliyenipa boksi la vitabu kwa masharti kwamba nisimrudishie panya waliomo. Kaizari anauawa katika sehemu ya tatu kati ya tano. Mwandishi wa mfululizo angekificha kifo kile mpaka mwisho wa mwaka, akituonyesha kisu kinainuliwa na kushushwa. Shakespeare anakimaliza katikati, halafu karibu nusu nzima ya mchezo ni malipo: mji unavurugika, marafiki wanagombana, Bruto halali usingizi. Anachotaka tukitazame ni kile kinachofuata baada ya jambo kutendeka, wakati haliwezi tena kutenduliwa.

Hapo wenzangu wa jukwaani hupiga makofi. Basi na wao nina lao. Jukwaa nalo limewahi kusema uongo. Mwaka 1681 bwana mmoja wa Uingereza, Nahum Tate, aliichukua King Lear ya Shakespeare, akaona inahuzunisha mno, akaiandika upya: mfalme anarudishiwa taji, binti yake Cordelia hafi, anaolewa. Watu waliipenda. Kwa karibu miaka mia moja na hamsini majukwaa ya Uingereza yalionyesha hiyo ya Tate, na Cordelia wa Shakespeare alibaki kwenye vitabu. Hapakuwa na televisheni wala king'amuzi. Walikuwapo watu tu, kama sisi wa sebuleni, ambao hawakutaka mtoto afe.

Na mfululizo nao umewahi kusema kweli. Mama yangu anamkumbuka Mkwaju kama mtu anavyomkumbuka mjomba wake aliyempotea. Mkwaju alikuwa dereva wa lori katika Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Alikuwa na wanawake njiani kila kituo, na mkewe Tunu nyumbani. Watu walimcheka, walimpenda, walimchukia. Mchezo ulitangazwa nchi nzima isipokuwa Dodoma, ambako mpaka mwaka 1995 redio ya kule ilirusha vipindi vingine saa hiyo, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Na Mkwaju hakuokolewa. Tunu aliondoka, na yeye ugonjwa ukampata. Mama anasema jambo lililomtisha ni ule muda wenyewe, kwamba uliishi na Mkwaju wiki hata wiki, ukimsikia anavyofika pale alipofika. Jukwaa lina saa mbili tu. Lisingeweza kukupa uchungu wa aina hiyo.

Tena bibi yangu ana hoja yake, na sijapata jibu la kumridhisha. Nilipomwambia kwamba michezo ya runinga inadanganya kwa sababu watu wanakosa na kusamehewa, wanakosa tena, na kesho wanakula meza moja, alinicheka. "Wewe baba yako mdogo alifanya nini mwaka ule? Na Krismasi alikaa wapi?" Ni kweli. Alikaa pale, alikula kuku wetu. Familia haina pazia la kufunga. Msamaha nao unahitaji kesho, na mashujaa wa jukwaani mara nyingi wanakosa kesho.

Kwa hiyo si suala la herufi ile moja, y. Mpaka hapa ningeweza kukaa chini ya mwembe nikabishana vizuri na kurudi nyumbani nikiwa nimeshinda. Kilichobadilisha mambo ni kwamba na mimi nilichoma karatasi.

Mwaka juzi nilipata kazi ya kuandikia redio moja mchezo wa mfululizo. Jina la redio naliacha. Dakika kumi na tano kila Jumamosi jioni, nalipwa elfu kumi kwa sehemu, na kwangu ilikuwa kama nimeteuliwa waziri. Niliandika habari ya mjane na shemeji yake. Shemeji, ndivyo alivyoitwa na kila mtu, anakiuza kiwanja alichoachiwa mjane, na ili ushahidi usiwepo anaichoma karatasi ya mauziano aliyoiacha marehemu. Nilimwiba Ngoswe waziwazi, sikatai. Nilipanga sehemu kumi na mbili. Karatasi inaungua sehemu ya sita, na mjane hapati tena kiwanja. Nilitaka tuone Shemeji anavyoishi na jambo hilo, na mjane anavyoishi bila kitu.

Tatizo, Shemeji alipendwa. Kijana aliyemwigiza alikuwa na kicheko, wee! Watoto wa shule walikiiga njiani. Mdhamini, mfanyabiashara wa magodoro, akasema mchezo usiishe. Mtayarishaji akaniita: "Dogo, tafuta namna." Nikatafuta, haikunichukua hata usiku mmoja. Sehemu ya kumi na mbili mjumbe mzee anakohoa, anasema kwamba karatasi iliyoungua ilikuwa kivuli tu. Halisi ipo, marehemu aliificha nyumbani kwa wazazi wake. Muziki. Jumamosi ijayo.

Watu walifurahi mno. Na mimi nilifurahi, kwa nini nikudanganye? Tulifika sehemu ya kumi na tisa karatasi bado inatafutwa, kila akikaribia kuipata nakatia patamu. Kisha mdhamini akajitoa, na mchezo ukakatwa mjane akiwa ameshika kitasa cha mlango. Mpaka leo amekishika.

Pale sokoni kuna mama anauza dagaa wanaotoka ziwani, upande wa Ikola na Karema. Nampita karibu kila siku. Miezi miwili baada ya mchezo kukatwa akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika ile ya Shemeji?" Nikajivuna kidogo, nikasema ndiye. "Ile karatasi ilipatikana?"

Nilidhani ananitania. Kumbe na yeye alifiwa na mume, na nyumba waliyokuwa wakiijenga ikachukuliwa na ndugu wa mume, na karatasi hazikuonekana. Alikuwa ameshakubali. Alisema neno hilohilo, "nilikuwa nimeshakubali", ameshaanza maisha na ndoo yake ya dagaa. Halafu Jumamosi moja akasikia redioni kwamba halisi hufichwa kwa wazazi wa marehemu. Akafunga biashara siku nne, akatafuta nauli, akaenda kijijini upande wa Inyonga kwa wakwe zake kuulizia karatasi. Walimfukuza mbele ya watu. Alirudi, na bado kila Jumamosi aliwasha redio asikilize yule mjane mwenzake amefanikiwaje, ili ajue na yeye akosee wapi tena asikosee.

Sikuwa na la kusema. Nilinunua dagaa wa elfu mbili ambao sikuwa na shida nao.

Usiku ule nilikitoa Kinjeketile kwenye boksi la panya. Ebrahim Hussein alikitoa mwaka 1969, na mtu mwenyewe wa kwenye historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vya Majimaji ndiyo kwanza vinaanza. Shuleni tuliambiwa ni mchezo wa ukombozi. Usiku ule niliusoma kama barua iliyoandikwa kwangu. Mtu ametoa neno, watu wamelichukua, neno limekua mpaka limemzidi nguvu yeye aliyelitoa. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Sijui kama alifanya sawa. Nimelisoma mara tatu na kila mara nabadili upande. Ila hapakuwa na mtu wa kumtafutia namna. Hussein alimwacha pale, neno lake mgongoni, na akatuacha na sisi tumtazame. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa nimemwambia mama wa watu kwamba yanazoleka.

Wenzangu niliowasimulia walinipoza. Eti hadithi ni hadithi, mtu mzima anajua kutofautisha. Mwingine akasema kosa ni la mdhamini. Pengine. Lakini mdhamini hakujua neno "kivuli" lingekaa wapi katika sentensi ili liume, mimi nilijua. Na ile jioni gizani sebuleni, wote walipokuwa wakimwokoa Mustafa, hakuna aliyetoka pale akaenda kudai mwanawe kwa Sultani. Tulikuwa tunajifariji wenyewe kwa wenyewe. Mwandishi akifanya hivyo, anawafanyia watu asiowaona nyuso.

Basi nimeandika tena. Mchezo wa jukwaani, mfupi, kurasa kumi na nne. Karatasi inaungua mwanzoni kabisa, kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti, na inayobaki ni jioni moja tu ya mjane, Shemeji na majivu. Hakuna kivuli. Hakuna mjumbe anayekohoa. Sijui nani atauigiza, wala wapi, maana ukumbi wa bure hapa mjini sijauona. Ila kuna mtu mmoja niliyeona lazima ausikie kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda nazo sokoni, saa tisa, jua kali, wateja wachache.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea ile ya redio?"

Nikamwambia siyo ile, ila watu ni walewale, na safari hii inaisha.

"Kiwanja anakipata?"

"Hapana, mama. Hakipati."

Alinyamaza. Akaanza kupanga mafungu ya dagaa ambayo yalikuwa yameshapangika. Akaja mteja, akampimia, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena. Kisha akachukua ndoo tupu, akaigeuza, akaisogeza kwangu nikalie.

"Haya, soma," akasema. "Lakini sauti ya chini. Yule mwenye nyanya pale mbele ni wifi yangu."